Maziwa ya kilimohai na ng'ombe anayeumwa kiwele

Wafugaji wa kilimohai, yaani ufugaji usiotegemea kemikali za viwandani, hapa Tengeru hutuuliza sana sisi madaktari wa mifugo swali moja: "Daktari, huyu nikimchoma sindano ya antibayotiki si nimepoteza soko?" Mara nyingi swali linakuja kiwele kikiwa kimeshavimba, baada ya dawa za asili kama shubiri na vitunguu saumu kushindwa.

Mtibu kwanza. Kilimohai hakimtaki mtu amwache ng'ombe ateseke. Marekani wana msimamo mkali: ng'ombe akipewa antibayotiki, maziwa yake hayauzwi tena kama ya kilimohai. Lakini kanuni zao hizo hizo zinakataza kumnyima mnyama tiba ili kulinda nembo. Umoja wa Ulaya wanaruhusu, ila muda wa kusubiri kabla ya kuuza maziwa unakuwa mara mbili ya ule wa kawaida. Kwetu nembo ya Kilimohai inafuata kiwango cha Afrika Mashariki kilichopitishwa kwanza mwaka 2007, nacho kinatanguliza kinga. Andika jina la dawa, tarehe na namba ya ng'ombe, kisha zungumza na mkaguzi wako wa kilimohai kabla hayo maziwa hayajaingia kwenye ndoo ya wenzako. Maziwa yenye antibayotiki yanaua hata kimea cha mtindi, kwa hiyo msindikaji atagundua tu.

Kinachotusumbua sisi zaidi si ng'ombe aliyevimba, maana huyo kila mtu anamwona. Ni yule anayeumwa kimyakimya: maziwa meupe, anakula vizuri, ila yanapungua kidogo kidogo na mwenyewe analaumu majani ya mabingobingo. Huyu ndiye tunayemtafuta tunapokuja na bakuli la vikombe vinne, kikombe kimoja kwa kila chuchu. Tunakamulia kidogo, tunatia dawa ya kupimia kiasi hicho hicho, tunazungusha. Yakivutika kama ute wa yai, chuchu hiyo ina ugonjwa. Inachukua dakika chache, na mfugaji anaona kwa macho yake.

Baada ya hapo kazi kubwa ni ya mkamuaji. Baadhi ya vijidudu vya kiwele husafiri kwa mikono yake na kitambaa chake, kwa hiyo kitambaa kimoja kwa ng'ombe wote ni kuwagawia ugonjwa. Kila mmoja awe na chake, na mgonjwa akamuliwe wa mwisho. Matone ya kwanza yakamuliwe kwenye kikombe cheusi ili mabonge yaonekane, yasimwagwe sakafuni. Ukimaliza, chovya chuchu kwenye dawa ya ayodini, halafu mwekee majani horini palepale. Tundu la chuchu hubaki wazi kwa nusu saa au zaidi baada ya kukamua. Ng'ombe anayekula husimama, asiye na chakula hulala kwenye kinyesi. Ushauri huu haugharimu hata shilingi na ndio unaopuuzwa kuliko yote.

Wengine wamezoea kumsindilia kila ng'ombe mirija ya antibayotiki kwenye chuchu anapokaushwa, yaani anapoachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, awe mzima au mgonjwa. Kwenye kilimohai hilo halikubaliki, na kwa maoni yetu halikuwa na haja: pima, kisha amua. Na kama chuchu ile ile inarudia kuugua licha ya tiba, hasa ikiwa maabara imeona bakteria aina ya stafilokokasi, afadhali umwondoe zizini. Tunajua inauma, hasa akiwa ndiye anayelipa ada.

Kuhusu ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, chanjo ipo na kilimohai hakizuii chanjo palipo na ugonjwa. Ila ndigana huchanjwa kwa vimelea hai pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini siku hiyo hiyo, hivyo mchanje akiwa bado ndama au mtamba, kabla hajaanza kutoa maziwa ya kuuza. Bado utaendelea kudhibiti kupe, maana kupe huleta na ndigana baridi ambayo chanjo hii haiigusi.

Tunapima kiwele zizini kwako kila mwezi na tunakuachia daftari la matibabu ambalo mkaguzi atalikuta limejazwa. Siku ya kipimo usikamue mpaka tufike, na ng'ombe aliyezaa wiki hiyo tuambie mapema, kwa sababu maziwa ya dang'a huweza kuonekana kama ya mgonjwa.