Namba za uongo kwenye betri za mashine zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu, pamoja na kila mtu anayetafuta mashine ya kutobolea ya kuweka nyumbani. Mimi ni seremala hapa Lubumbashi, atelie yangu iko Katuba, na kazi zangu nyingi siku hizi nazifanya kwa perseze, yaani mashine ya kutobolea, ya betri. Umeme unakatika mchana, unarudi watu wamelala, na mwenye nyumba anayekungoja Kampemba umfungie mlango hataki kusikia habari za delestaji, yaani mgao wa umeme.

Miezi michache iliyopita kijana ninayemfundisha kazi alikuja na mashine mpya aliyoinunua sokoni kwa dola 40. Aliziweka akiba tangu mwanzo wa mwaka. Juu ya betri imeandikwa kwa herufi kubwa 128VF, na yangu imeandikwa 18V. "Papa, hii inapita yako mara saba," akaniambia. Furaha yake iliniuma. Siku ile tulikuwa na fremu ya mulombwa, mti wetu mgumu, ya kufungia bawaba, na mulombwa ukikauka haukubali mzaha. Matundu manne yalitoka vizuri. La tano mashine ikaanza kulia, ikapunguza mwendo, ikasimama na meshi, ile ncha ya kutobolea, ikiwa ndani ya mti. Betri ilipata moto hata kuishika ilikuwa taabu.

Wiki sita baadaye ilikataa kuchaji kabisa, na muuzaji hakutaka kuipokea. Nikaifungua mbele ya kijana ili aone kwa macho yake. (Asiyeijua kazi hii asijaribu: ukigusisha vibati vya ndani kwa bisibisi, seli, yaani betri ndogo zilizo ndani, zinaweza kuwaka.) Ndani tulikuta seli tano za duara, zile za kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zimepangwa upande mmoja. Nusu ya kasha ilikuwa tupu. Seli ya namna hiyo hutoa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Tano ni volti 18, zikijaa ni 21. Hiyo 128 haikuwemo, na VF si kipimo cha umeme.

Nisieleweke vibaya: si kila namba inayotofautiana ni uongo. Kampuni ya mashine ya DeWalt huko Marekani huandika 20V Max kwenye betri ambayo Ulaya huiandika 18V. Seli ni tano zilezile, huko wamezihesabu zikiwa zimejaa, na maelezo yao yanasema hivyo. Lakini anayeandika 88 au 128 juu ya seli tano anajua anayemlenga, ni kijana mwenye dola 40 ambaye hana mita ya kupimia volti.

Kwa hiyo nendeni dukani na mita. Betri ya 18V iliyojaa itasoma kati ya 20 na 21, na si zaidi. Kisha tazameni Ah, yaani akiba iliyomo. Seli za ukubwa ule zinazoweza kuendesha mashine huwa na Ah 2 hadi 3, hata iliyo bora kabisa haipiti sana 3.5. Betri ya 18V inayodai Ah 5 kwa seli hizo lazima iwe na seli kumi, safu mbili za tano tano, na seli kumi peke yake ni karibu gramu 450 kabla ya kasha. Shika mkononi. Ikiwa nyepesi kama pakiti ya biskuti, irudishe mezani.

Mimi namshauri mtu achague betri kwanza, mashine baadaye. Betri ya kampuni ya Makita haiingii kwenye mashine ya Bosch, na ukishaanza na upande mmoja, perseze, msumeno na disqueuse (mashine ya diski ya kukatia na kusagia) utakazoongeza zitafuata betri ile. Muulize muuzaji: betri hii unaiuza peke yake? Kama haiuzi, mashine itakufa siku betri itakapokufa. Mjihadhari pia na betri zenye umbo la Makita ambazo Makita hakuzitengeneza. Zinaingia vizuri, lakini nyingine hazina ulinzi wa joto ndani. Mota isiyo na sharboni (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota) ni bora kwa fundi wa kila siku, kwa sababu hakuna kinachosuguana na kuisha. Kwa nyumbani, kufunga pazia na kukaza bawaba, mashine ya 12V yenye jina zuri inatosha kabisa, na ni nyepesi kwa mama pia.

Kwa hali ya umeme wetu, betri mbili za Ah 2 zina faida kuliko moja ya Ah 5. Moja iko kazini, nyingine inasubiri umeme. Najua umeme ukirudi usiku wa manane kila mtu anachomeka na kurudi kulala, lakini tafadhali, msichaji chumba wanamolala watoto. Na mwezi wa Oktoba, joto likiwa kali, msiache betri chini ya mabati wala ndani ya gari. Ikitoka kazini na moto, ipoe kwanza ndiyo ichajiwe.

Ndugu Mhariri, zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini ya kutengenezea betri, inatoka kwenye udongo wa nchi yetu ya Kongo, na sehemu kubwa inachimbwa upande wa Kolwezi. Malori yanapita hapa Lubumbashi kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kwa mpaka uleule betri zinaturudia. Inauma kwamba sisi tunaoitoa kobalti ndio tunaoletewa kasha lililo nusu tupu. Nawaomba wanaokagua bidhaa mpakani wachukue betri moja katika kila shehena, waipime na mita, iwachukue dakika mbili. Nawaomba wafanyabiashara waweke mita juu ya kaunta na wamruhusu mteja apime kabla ya kulipa.

Kama inawezekana, naomba barua hii itoke kabla ya Desemba. Ndio mwezi ambao watu wanatengenezesha milango kwa ajili ya sikukuu, na vijana wananunua mashine kwa malipo ya kwanza wanayopata.

Seremala wa Katuba,
Lubumbashi