Aliyechora anyamaze, picha iseme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwafikie wanaopanga masomo ya uhuishaji, yaani ufundi wa kutengeneza filamu za katuni. Kusimulia kwa picha hakufundishiki kwa mhadhara, wala kwa kuwawashia wanafunzi kompyuta siku ya kwanza. Kunafundishika mezani, kwa karatasi na kalamu nene, na kwa sharti moja lisilolegezwa: aliyechora anyamaze wakati wenzake wanaisoma kazi yake.

Sharti hilo ndilo moyo wa warsha. Mwanafunzi anapoonyesha michoro huku akisema "hapa amekasirika, hapa ameshaondoka", wenzake wanaelewa, mwalimu anaelewa, na wote wanatoka wakidhani picha zimesimulia. Kilichosimulia ni mdomo. Siku filamu itakapoonyeshwa, mtazamaji hatakuwa na mtu pembeni wa kumtafunia.

Maandalizi ni mepesi. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa kwenye mikunjo hutoa kadi nane, kila moja ya milimita 105 kwa 74. Juu ya kila kadi ichorwe fremu, yaani kisanduku cha picha, ya milimita 96 kwa 54, ambao ndio uwiano wa 16 kwa 9 wa skrini nyingi za sasa. Chini yake panabaki nafasi ya namba ya kadi na sekunde zake. Kalamu iwe ya wino, ncha nene. Penseli iliyochongwa vizuri humvuta mwanafunzi kwenye kope na vifungo vya shati, na kifutio humlia muda. Kalamu nene humlazimisha aamue mambo yenye uzito: mhusika amesimama wapi, anatazama wapi, amejaza kiasi gani cha fremu. Kadi moja ipewe dakika mbili.

Kundi liwe la watu watatu. Hadithi iwe na mhusika mmoja, kitu kimoja anachokitaka na kizuizi kimoja, bila mazungumzo hata neno. Tuchukue mtoto ambaye mpira wake umenasa mtini. Kadi 12, basi. Wakimaliza wanazipanga mezani na kurudi nyuma. Kundi jingine linazisoma kwa sauti, kadi baada ya kadi, na mmoja wa wachoraji anaandika kila kinachosemwa bila kujitetea. Kwenye kadi ya tano mtoto ameinua mikono. Mchoraji alikusudia kuonyesha kwamba anaukosa mpira. Msomaji anasema "anashangilia". Mwalimu asiingilie hapo, maana kundi litagundua lenyewe kwamba mpira haumo kabisa kwenye fremu hiyo, au kwamba ncha ya tawi imegusana na kichwa cha mtoto hadi linaonekana kama pembe.

Mkao wa mhusika una kipimo chake. Jaza mwili wote kwa wino mweusi, kisha uliza anafanya nini. Ikiwa mkono umemezwa na kiwiliwili na hakuna anayeweza kujibu, mkono utolewe pembeni mpaka umbo jeusi peke yake lieleweke. Kadi nazo zina kipimo chake: ondoa moja, soma tena. Hadithi isipoyumba, kadi hiyo ilikuwa mzigo.

Kosa linalorudi kila mara ni shoti zote, yaani vipande vya filamu visivyokatwa, kuwa za umbali mmoja, mhusika mzima kuanzia utosi hadi nyayo, akitazamwa kwa usawa wa macho. Hivyo ndivyo watu walivyozoea kuchora mtu kwenye karatasi, kwa hiyo kuwakemea hakusaidii. Wape masharti: katika kadi 12, moja ionyeshe mahali pote kwa mbali, moja iwe karibu sana, moja iwe kutoka juu au chini, na kila moja iwe na sababu yake. Mti ukitazamwa kutoka magotini pa mtoto hauna mwisho. Mtoto akitazamwa kutoka kwenye tawi lenye mpira ni kidoti tu, na mtazamaji anajua ugumu wa kazi kabla mtoto hajajaribu kupanda.

Mstari wa kamera, yaani mstari wa kufikirika kati ya wahusika wawili ambao kamera haipaswi kuuvuka, huwatesa wengi ukichorwa ubaoni, lakini sakafuni huchukua dakika kumi. Weka viti viwili vikitazamana, wanafunzi wawili wakae, na kamba ilazwe sakafuni kutoka kiti hadi kiti. Wa tatu ampige picha kila mmoja kwa simu akiwa upande mmoja wa kamba: mmoja anatazama kulia, mwingine kushoto, wanazungumza. Sasa avuke kamba na kumpiga tena yule wa pili. Picha hiyo ikifuatanishwa na ile ya kwanza, wote wawili wanatazama kulia, kama watu walio kwenye foleni, ilhali hakuna aliyenyanyuka kitini.

Zoezi jingine fupi linatokana na Lev Kuleshov, mtengenezaji filamu wa Urusi anayekumbukwa kwa kuunganisha uso uleule wa mwigizaji na sahani ya supu, kisha na jeneza, ili mtazamaji auone una njaa, kisha una huzuni. Chora uso mmoja usio na hisia yoyote, utoe nakala, kila kundi liuwekee kadi yake pembeni. Wanafunzi huacha kuchora machozi yasiyohitajika.

Kadi zikishapita, zipigwe picha kwa simu iliyoshikizwa juu ya meza, mwanga ukitoka pande mbili, vinginevyo kivuli cha simu kitalala kwenye kila fremu. Ziingizwe kwenye programu ya kuhariri, kila moja sekunde mbili, zitazamwe bila sauti. Zitachosha, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mwanafunzi ataanza kuhisi kadi ipi inang'ang'ania na ipi inakimbia. Mpira uliojaza fremu husomeka kwa chini ya sekunde moja. Mahali pote kwa mbali huhitaji tatu au zaidi. Muziki uje mwisho kabisa. Huficha makosa kama mdomo ulivyoyaficha.

Wanaodhani yote haya ni kupoteza muda wapige hesabu. Filamu huenda kwa fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde, na hata kila mchoro ukishikiliwa fremu mbili, shoti ya sekunde nne ni michoro 48. Kosa lililogunduliwa kwenye kadi hugharimu dakika mbili.

Ombi langu kwa wapangaji ni saa tatu mfululizo na wanafunzi wasiozidi 15. Makundi matano, kila moja likisomwa dakika kumi, humaliza karibu saa nzima. Kuna kuchora kabla, na baadaye kuchora upya na kusomwa tena. Kipindi cha saa moja huikata duru ya pili, na humo ndimo mwanafunzi anamoona kosa lake likiondoka. Na kabla ya usomaji, kila kundi lifunge kwenye bahasha karatasi yenye kusudi la kila kadi. Alama zitolewe kwa kulinganisha karatasi hiyo na maneno yaliyoandikwa wakati wa kusomwa, hata kama mistari imepinda.

Wako,
Mwalimu wa uhuishaji