Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI kuhusu vijeba katika timu za shule

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Dodoma.

YAH: VIJEBA NA MAMLUKI KATIKA SOKA LA SHULE ZA SEKONDARI

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu mstaafu. Asubuhi nilifundisha Jiografia, jioni mpira. Naandika hadharani kwa sababu jambo ninaloleta kwako, la kuchezesha vijeba (watu waliopita umri) na mamluki (wasio wanafunzi wa shule), nimewahi kulifanya kwa mikono yangu mwenyewe, na sitaki usome barua hii ukidhani nawasema wenzangu.

Mwaka mmoja tuliingia UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, hatuna mshambuliaji. Mtu mmoja akaniambia anamfahamu kijana wa timu ya mtaani, ana mguu wa hatari. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, ndevu kazinyoa asubuhi ile ile. Fomu ilitaka jina, picha, namba ya mtihani wa darasa la saba na sahihi ya mkuu wa shule. Tukachukua jina na namba ya mwanafunzi wetu wa kidato cha pili, tukabandika picha ya kijeba. Mkuu wa shule akasaini bila kuuliza. Nami nilishukuru hakuuliza.

Mtoto tuliyemchukulia jina alikuwa winga wa kushoto, mdogo wa umbo, mpira unamtii. Alikuwa achezee timu hiyo hiyo. Lakini jina moja haliwezi kuingia uwanjani mara mbili, kwa hiyo akabaki nje. Alikaa na wenzake pembeni ya uwanja akisikiliza kipaza sauti kikitangaza kwamba yeye amefunga. Mabao matatu siku ile. Kila bao wenzake walimgeukia wakicheka. Kipindi cha pili mwamuzi akatoa kadi ya njano, akamwita mshambuliaji kwa jina alilosoma kwenye orodha. Jamaa hakugeuka. Aliyegeuka ni mtoto, kule pembeni.

Kombe tulilichukua. Mtoto akaacha mazoezi mwezi uliofuata, nami sikumfuata kumuuliza kwa nini, maana nilijua.

Mheshimiwa, watu husikia habari za umri pale tu timu ya taifa inapopata aibu. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005 kule Gambia, wakaondolewa kwa kosa la umri, na Zimbabwe ikaenda badala yetu. Mwaka 2017 mambo yakageuka: Kongo-Brazzaville wakaondolewa baada ya mchezaji wao kutofika kupimwa umri, nasi tukapanda ndege kwenda fainali za Gabon. Tulishangilia sana. Kule tukatoka sare na Mali, tukaifunga Angola, tukatolewa kwa kufungwa na Niger. Katika shangwe zile sikumsikia mtu akiitaja 2005.

Baadhi ya wenzangu wanasema dawa ni mashine. Kweli, tangu 2009 FIFA hupima kifundo cha mkono kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17. Lakini kipimo kile hakisemi mtoto amezaliwa lini. Kinaonyesha kama mfupa umefunga, yaani umemaliza kukua, au bado, na kwa kijana aliyekwisha kupita miaka 17 hakina msaada mkubwa. Tena ni mashine ya hospitali kubwa. Huwezi kuipeleka kwenye mashindano ya kata, na kijeba anaingilia kwenye kata. Akifika mkoani keshapata vyeti, picha na mwalimu wa kumwapia. Akifika taifa, kumtoa ni kuuharibia mkoa mzima sura, kwa hiyo watu wananyamaza.

Wengine wanasema cheti cha kuzaliwa. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba takriban robo tu ya watoto wa chini ya miaka mitano ndio waliokuwa wamesajiliwa kuzaliwa, na wenye cheti mkononi walikuwa wachache zaidi. Watoto wale ndio walioko sekondari leo, au wako mlangoni. Wengi wao cheti kitatafutwa siku kitakapohitajika, na cheti kinachotafutwa wiki moja kabla ya mashindano kinaandikwa umri unaotakiwa na mashindano.

Dawa mnayo tayari serikalini. Kila mtoto aliyeanza shule ya msingi miaka hii ana namba ya PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi. Inamfuata akihama, inamfuata anaposajiliwa kwa mitihani. Tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa mtoto akiwa darasa la kwanza iliandikwa kabla hajajua hata kupiga danadana, na wala hakuna aliyekuwa na sababu ya kuipunguza. Ile ndiyo tarehe ya kuaminiwa. Naomba fomu ya mchezaji isijazwe tena kwa kalamu shuleni. Itoke kwenye mfumo, pamoja na shule alizopitia, na ikitoka isibadilishwe.

Halafu orodha ya timu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, ikiwa na picha, siku 14 kabla ya mchezo wa kwanza. Hili ndilo ningelichagua kama ningeruhusiwa jambo moja tu. Sisi walimu tunadanganyana kwa karatasi, lakini wanafunzi wanajuana. Wanajua nani anakaa dawati la nyuma na nani hajawahi kuonekana mstarini. Siku ile shule nzima ilijua, kasoro afisa aliyekuja kuhakiki.

Nataka pia nimtetee mtu ambaye huwa anachanganywa na kijeba. Yupo kijana halali wa miaka 18 kidato cha pili, aliyechunga ng'ombe hadi akafikisha miaka kumi ndipo akapelekwa darasa la kwanza. Huyu si mamluki. Ni mwanafunzi, ana daftari, anafanya mitihani. Kwa sheria za umri hawezi kuingia timu ya vijana wadogo, na ni haki. Ila asifukuzwe kama mwizi. Mashindano ya ndani ya shule kwa madarasa yangempa pa kucheza, tena hayahitaji bajeti zaidi ya mpira na filimbi.

Sasa adhabu. Ilivyozoeleka, kijeba akikamatwa anafukuzwa yeye, timu inanyang'anywa pointi, basi. Mimi niliyembandika picha ningerudi darasani Jumatatu. Afisa michezo hupimwa kwa makombe anayorudi nayo, na mkuu wa shule hupongezwa kikaoni kwa makombe hayo hayo. Mkiacha kipimo hicho kama kilivyo, kila mfumo mtakaouleta tutautafutia mlango wa nyuma. Aliyesaini ndiye aitwe kwanza.

Na vishawishi vinaongezeka. Wasichana wa Fountain Gate walipotwaa ubingwa wa Afrika wa shule mjini Durban mwaka 2023, zawadi ya bingwa ilikuwa dola 300,000. Mwaka uliofuata wavulana wetu wakautwaa Zanzibar. Sina neno baya juu ya watoto hao, niliwashangilia kama kila mtu. Nasema tu kwamba mimi niliiba jina la mtoto kwa ajili ya kikombe cha bati na mbuzi mmoja.

UMISSETA hufanyika Juni. Uhakiki wa kata ungeweza kuanza mara tu shule zinapofunguliwa Januari, wakati orodha za wanafunzi zinasafishwa hata hivyo. Haihitaji sheria mpya. Waraka wako mmoja unatosha.

Cheti cha mfungaji bora wa wilaya bado ninacho sandukuni. Kilipaswa kukabidhiwa kwa mwenye jina, nikashindwa kumtazama usoni, nikakaa nacho. Siku hizi ni fundi pikipiki, tukikutana hunipa shikamoo yangu vizuri tu, na habari za mpira hatuzungumzi. Ukihitaji kielelezo, Mheshimiwa, nitakileta Dodoma kwa nauli yangu, ila nitaomba kirudishwe. Nimeamua nimpelekee.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa michezo