Taya linauma, msituambie ni stresi tu tukalale

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni. Mwanamke akienda kulalamika taya linamuuma, mara nyingi anajibiwa ni stresi, punguza mawazo, anaandikiwa panadol anarudi nyumbani, na mimi ni mmoja wa wanaoishi na hayo maumivu kwahiyo najua ninachokisema.

Nazungumzia kile kiungo kilichopo mbele ya sikio, ukiweka kidole hapo ukafungua mdomo unakisikia kinacheza. Ndani kuna kisahani laini katikati ya mifupa miwili, sasa kikihama mahali pake au misuli ya kutafuna ikikaza ndio unasikia taya linaalika, miayo inakua shida, kichwa kinagonga upande mmoja, sikio linauma na ukipimwa sikio lenyewe liko zima kabisa. (Taya kualika bila maumivu wala kukwama halihitaji matibabu, watu wanatishwa bure.)

Ukikaa kwenye kliniki za maumivu haya utaona wanawake wengi sana kuliko wanaume, kuna sehemu idadi yao inafika mara nne au tano ya wanaume, au zaidi, lakini ukiwafuata watu huko waliko bila kusubiri waje wenyewe tofauti inashuka, inabaki kama mara mbili hivi. Hapo ndipo wengi wanapoishia, wanasema basi wanawake wanapenda kulalamika. Hapana jamani. Marekani kulifanyika utafiti mkubwa unaitwa OPPERA, walichukua watu wazima wasiokuwa na tatizo la taya wakawafuatilia kwa miaka, na kila mwaka karibu watu 4 kati ya 100 walianza kuumwa, na wanaume walianza karibu sawa na wanawake! Pengo kubwa lipo kwa wale ambao maumivu yamekua sugu, huko wanawake ndio wamejaa. Yaani kuanza tunaanza wote, ila kwa wanawake wengi zaidi maumivu hayaondoki, na hilo ndio swali ambalo madaktari wangekua wanaliuliza tangu siku ya kwanza mgonjwa anapokaa kwenye kiti.

Homoni zina mkono wake hapa. Kiungo cha taya kina vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu zinazopokea hiyo homoni ya kike, na shida hii inakua baada ya kuvunja ungo, inashika kasi kati ya miaka 20 na 40 na kitu, halafu inapungua mwanamke akishakoma hedhi, na wanaotumia homoni baada ya hapo wameonekana kupata maumivu haya zaidi ya wasiotumia. Lakini sio kwamba estrojeni ikiwa nyingi ndio unaumwa, maana wajawazito wengi wanapata nafuu mimba ikiwa kubwa wakati homoni ziko juu kabisa, wakishajifungua maumivu yanarudi, na kwenye mwezi wa kawaida yanapanda siku za hedhi ambapo homoni imeshuka ghafla. Inaelekea kinachotuumiza ni ile panda shuka. Sasa niambie ni wangapi wameshawahi kuulizwa kuhusu hedhi yao na daktari wa meno?

Sikatai kwamba stresi ipo, na kukosa usingizi kupo, vyote vinachangia na kwa wanaume pia. Ila mgonjwa huyo huyo mara nyingi ana kipandauso, ana tumbo linalosumbua kila mara, ana maumivu ya mwili mzima, kila kimoja anakipeleka kwa daktari tofauti na hakuna anayeviunganisha.

Na kutosikilizwa hakumaanishi watu hawapasuliwi. Miaka ya 1980 huko Marekani waliwekewa watu viungo bandia vya taya vyenye Teflon, wengi wao wanawake, vikasagika vipande vipande mwilini na kuharibu mfupa wa taya, mpaka mwaka 1990 mamlaka yao ya dawa FDA ikaviondoa. Ndio maana nasema kwa nguvu zote, daktari akitaka kukusagia meno ili yakutane vizuri au kukupasua taya mwanzoni kabisa, kataa kwanza ukaulize kwingine. Mwongozo uliotoka mwaka 2023 kwenye jarida la BMJ umeweka mbele mazoezi ya taya, kukandwa misuli na mtaalamu, na tiba ya mazungumzo ya kusaidia kukabiliana na maumivu, yaani vitu visivyoharibu chochote. Ongezea na kuacha bigijii, chakula laini kwa muda, kitambaa cha moto shavuni.

Na nyie kaka zetu msikae kimya mkidhani huu ni ugonjwa wa wanawake, mnaanza kuumwa kama sisi.

Mhariri, ombi langu ni hili, ukurasa wenu wa afya umtafute daktari wa meno pamoja na mtu wa fiziotherapia watuwekee hayo mazoezi ya taya kwa picha, hatua moja baada ya nyingine, ili hata asiyeweza kufika kwa mtaalamu aanze nayo wiki hii.

Msomaji wenu