Risala ya Wanawake Waokaji Keki wa Majumbani kwa Mgeni Rasmi, Mstahiki Meya wa Jiji la Tanga

Mstahiki Meya, Mgeni Rasmi wa hafla hii, waheshimiwa madiwani, Afisa Maendeleo ya Jamii wa Jiji, mwakilishi wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), walimu wetu, wazazi, waume na watoto wetu, mabibi na mabwana: Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya wenzangu ninayo heshima kubwa kukukaribisha katika mahafali yetu na kukushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Sisi ni akina mama na mabinti wa Ngamiani, Makorora, Mabawa na Chumbageni tunaooka keki majumbani mwetu, na leo tunahitimisha mafunzo ya uokaji na uendeshaji wa biashara ndogo. Miongoni mwetu wamo wajane, wamo waliomaliza kidato cha nne wakakosa nafasi ya kuendelea, wamo wenye ajira wanaotafuta kipato cha ziada, na wamo bibi zetu waliopika vitumbua na visheti kwa miaka mingi kabla ya kuizoea oveni.

Mstahiki Meya, tuliichagua keki kwa sababu soko lake tunaliona kwa macho. Hakuna wiki inayopita katika mitaa yetu bila harusi, sendofu, kipaimara, ubarikio, mahafali ya shule au siku ya kuzaliwa, na siku za Idi nyumba nyingi huagiza keki za hiliki na za nazi kwa ajili ya wageni. Hata ndugu zetu wa Kilimanjaro, ambao katika sherehe zao huiandaa ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa, na kuiita keki, siku hizi huweka na ya unga pembeni yake. Fedha hizi zimo mitaani mwetu, na ni haki zibaki mikononi mwa wanawake wanaoishi humo.

Walimu wetu walianza kwa kutuondolea hofu ya vifaa. Walituonyesha kwamba mtu asiye na oveni anaweza kutandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, akaliweka kopo la keki juu yake, akafunika na kupanga mkaa chini na juu ya mfuniko, mradi mkaa wa chini uwe mchache ili kitako kisiungue. Baada ya hapo ndipo walipotufundisha sababu za kila hatua. Siagi na sukari hupigwa mpaka mchanganyiko ugeuke mweupe, kwa kuwa hewa inayoingia wakati huo ndiyo inayosaidia keki kupanda; lakini unga ukishatiwa haupigwi tena kwa nguvu, kwa sababu ngano ikisumbuliwa sana hujenga mvutano unaofaa chapati na kuiharibu keki. Joto la Tanga nalo lina somo lake. Krimu ya siagi tupu hulegea mapema katika miezi ya Januari na Februari, hivyo tumejifunza kuichanganya na mafuta magumu ya kuokea, kuipaka keki ikiwa imepoa kabisa, na kuipeleka kwa mwenye shughuli alfajiri au jua likishapungua makali.

Tunajivunia pia keki ya machungwa ya Muheza. Machungwa haya hubaki na ganda la kijani hata yakiwa yameiva, na mnunuzi mgeni huyadhania mabichi. Sisi tunajua kwamba harufu yake yote imo katika ngozi hiyo nyembamba ya juu. Tunaikwaruza taratibu na kuuacha weupe wa ndani, ambao ni mchungu, kisha juisi yake inachukua nafasi ya maziwa. Msimu wake ukifika bei hushuka, na mwokaji wa Tanga hupata kiungo ambacho wenzake wa mikoa mingine hukigharamia.

Hata hivyo, Mstahiki Meya, utamu wa keki haukuwa tatizo letu kubwa. Tatizo lilikuwa hesabu, na hapa naomba uniruhusu nieleze kwa kirefu. Tuchukue mfano wa mwenzetu anayeuza keki ya kilo moja kwa shilingi 25,000. Unga, sukari, mayai, siagi na krimu vimemgharimu shilingi 15,000, naye anaamini amepata faida ya shilingi 10,000. Tulipokaa na mwalimu na kuandika kila kitu ubaoni, tukaongeza gesi na umeme shilingi 2,000, boksi na kibao cha kuwekea keki shilingi 2,500, na bodaboda ya kuifikisha shilingi 2,000. Kilichobaki ni shilingi 3,500, na ndani ya kiasi hicho bado hajalipwa mwanamke aliyesimama jikoni nusu siku, wala haijawekwa akiba ya kununua oveni nyingine hii ya sasa itakapochakaa. Mama wa aina hii anaweza kusifiwa mtaa mzima, akawa na oda kila Jumamosi, na bado asione fedha ya ada ya shule ilipokwenda. Anakula mtaji wake kidogo kidogo bila kujua, na siku bei ya mayai inapopanda biashara inafungwa.

Kwa sababu hiyo kila mhitimu aliyeko hapa ana daftari la biashara, ana namba ya malipo isiyochanganywa na fedha za matumizi ya nyumbani, na anajilipa ujira wake kwanza kabla ya kuhesabu faida. Tumekubaliana pia kwamba oda haianzi kushughulikiwa bila malipo ya awali ya nusu. Jambo hili lilikuwa gumu, kwani wateja wetu wa mwanzo ni mashemeji, mawifi na majirani, na kumdai wifi fedha ya keki ya mtoto wake kunaweza kuleta maneno. Lakini tumeona kwamba ndugu anayependa maendeleo yako hulipa, tena mapema, na wengi wametuelewa tulipowaeleza kwa heshima.

Tumejifunza vilevile kwamba jiko la nyumbani likishaanza kulisha watu wa nje, linapaswa kutunzwa kama mahali pa kazi. Siagi iliyowekwa kwenye jokofu moja na samaki huchukua harufu ya samaki, na mteja huigundua kwenye tonge la kwanza. Nywele hufunikwa, kucha hukatwa, mayai hupasuliwa moja moja kwenye bakuli la pembeni, na mwenye kuharisha au kidonda mkononi haingii jikoni siku hiyo. Wanachama wetu wamepima afya zao kama inavyotakiwa kwa kila anayeshughulika na chakula.

Katika upande wa sheria, tumeelekezwa namna ya kupata namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA) na kusajili majina ya biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Wengi wetu tulikuwa tukiogopa kujitokeza, tukidhani kusajiliwa ni kuanza kutozwa, na tulifarijika kufahamu kwamba mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato.

Mstahiki Meya, kikwazo chetu kikubwa kiko hapa. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), mtu anayetaka kuuza keki zake dukani, supamaketi au hotelini anahitaji alama ya ubora ya shirika hilo. Serikali imetusaidia sana, kwa kuwa mjasiriamali mdogo anayetambulishwa na SIDO hubebewa gharama za alama hiyo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Lakini alama haitolewi kwa kuonja keki peke yake. Jengo nalo hukaguliwa, kuanzia sakafu na kuta zinazosafishika hadi maji ya bomba na ghala la unga lisilofikiwa na panya. Mama anayepanga vyumba viwili, ambaye jiko lake liko kibarazani pamoja na la wapangaji wengine, hawezi kuyatimiza masharti hayo hata akiwa msafi kupita wote. Masharti tunayaheshimu kwa sababu yanalinda maisha ya walaji, wakiwamo watoto wetu. Tunachokosa ni mahali pa kuyatimizia.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza, na ndilo tunaloliweka mbele ya mengine yote, ni kwamba Halmashauri ya Jiji itupatie chumba katika mojawapo ya majengo yake yasiyotumika, tukigeuze kuwa jiko la pamoja. Sisi tutachangia kukipaka rangi, kukitia vigae na kulipia umeme na maji, na kila mwanachama atapangiwa zamu yake. Keki za sherehe za mtaani tutaendelea kuzioka nyumbani; zinazokwenda madukani zitatoka katika jiko hilo lililokaguliwa.

Ombi la pili linahusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo katika hizo 10, asilimia 4 ni za wanawake. Tunaishukuru Serikali kwa kuirejesha mwaka 2024 baada ya kusitishwa mwaka uliotangulia ili utaratibu urekebishwe. Tunaomba maafisa watutembelee na kutusaidia kujaza maombi, kwa lengo la kununua oveni mbili kubwa za gesi na mashine ya kukorogea. Tumeomba za gesi kwa makusudi, kwa sababu umeme ukikatika keki ikiwa bado mbichi katikati hubonyea na haiinuki tena hata umeme ukirudi.

Sisi kwa upande wetu tunaahidi kurejesha mkopo kwa wakati, kuwafundisha bila malipo mabinti wa kata zetu wanaomaliza shule, na kuyafungua madaftari yetu kwa mkaguzi wa Jiji wakati wowote atakapofika.

Baada ya risala hii tunakuomba upite kwenye meza za maonyesho, ambako kila mhitimu ataeleza kazi yake pamoja na mchanganuo wa bei yake, na umuulize lolote.

Mstahiki Meya, naomba kuwasilisha.