Baba yangu hakuwa "mkulima wa kawaida"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe wasifu nilioandika mwenyewe.

Oktoba iliyopita tulimzika baba yetu katika kijiji kimoja wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, kaka zangu waliniachia kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Nikafuata mpangilio uleule tuliouzoea: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, kuugua, kufariki. Penye elimu nikaandika "hakubahatika kusoma". Penye kazi, "alikuwa mkulima wa kawaida". Penye kuugua ndipo nilipojaza ukurasa, na tarehe za kulazwa na kuruhusiwa. Karatasi ikasomwa kwa dakika zisizofika tatu, ikakunjwa. Mzee aliyepita miaka 90 akaagwa hivyo, mbele ya watu ambao wengi wao waliwahi kula chakula cha jasho lake.

Nianze na elimu, maana hapo nilisema uongo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baba alikuwa miongoni mwa walioingia kisomo baada ya tangazo lile. Walisomea chini ya mbuyu, jioni, wametoka shambani na majembe yao. Wakati huo alikuwa baba wa watoto watatu. Alijifunza kusoma na kuandika, na alichokiandika maisha yake yote kipo: kwenye mlango wa ghala, upande wa ndani, kwa mkaa. Kila msimu aliandika siku iliyonyesha mvua ya kupandia na madebe aliyovuna. Msimu wa El Niño, wa 1997 kuingia 1998, hakuweka hesabu yoyote. Ameandika neno moja tu, MAJI. Nimesimama mbele ya mlango ule baada ya arobaini nikaona haya. Mimi mwenye cheti sijawahi kuandika kitu kwa miaka 40 mfululizo.

Sasa kazi. Wasomaji wa mikoa yenye mvua mbili huenda wasijue kulima Dodoma maana yake nini. Sisi tuna msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600. Tena haiji kwa mpangilio. Inaweza kunyesha wiki nzima, ikakata Januari yote wakati mimea iko magotini. Baba alipanda uwele na mtama, na karanga kidogo. Majirani walipohamia kwenye mahindi kwa sababu ugali wake ni mweupe, hakubishana nao, aliendelea na uwele wake. Aliberega, yaani alikwangua magugu juujuu kabla ya mvua bila kugeuza udongo, kisha akachimba mashimo kwa hatua za mguu wake, akadondosha mbegu na kufukia kwa unyayo. Mama alikuwa nyuma yake na kibuyu cha mbegu. Ukiwatazama kwa mbali ungedhani wanacheza ngoma ya polepole.

Alikuwa mvulana wa kuchunga ndama Waingereza walipoleta matrekta Kongwa, mwaka 1947, kwa ule mradi wa karanga. Kaka yake alikwenda kufanya kibarua huko. Mvua haikutosha, udongo ukikauka ukawa mgumu kama saruji, na kufikia 1951 mradi ukaachwa. Baba hakulisimulia hilo kwa kucheka wenzake. Alisema tu, "Udongo huu hautaki mtu wa haraka."

Masuke yakianza kukomaa huja kwelea kwelea, na hao ndege hawana huruma. Wakitua wengi shambani, asubuhi moja inatosha kumaliza jasho la miezi minne. Baba alijenga dungu katikati ya shamba, na kabla jua halijachomoza alikuwa juu yake na kombeo na debe bovu la kugonga. Sisi watoto tulipokezana naye kuamia ndege. Zamu ya alfajiri, yenye baridi, hakuwahi kumpa mtoto. Hilo nimeligundua ukubwani, nilipomwamsha mwanangu saa kumi na moja kwenda shule nikamwonea huruma.

Ukame wa 2005 na 2006 wengi wanaukumbuka kwa mgawo wa umeme. Kijijini kwetu umeme haukuwepo wa kugawiwa, kilichokosekana ni chakula. Baba alikuwa na uwele wa misimu miwili kwenye kihenge, umechanganywa na majivu usiliwe na wadudu. Watu walikuja na ndoo. Alipima kwa mkono wake na hakuandika deni la mtu, si mlangoni wala kwingine. Ni baadhi ya watu hao waliobeba jeneza lake. Na mimi nikawasomea "mkulima wa kawaida".

Ndoa niliiandika kwa mstari mmoja, mwaka na jina la mama. Mama alipoteza uwezo wa kuona miaka kadhaa iliyopita. Tangu hapo baba hakurudi shambani mikono mitupu. Alikaa naye kibarazani, akamwekea kiganjani alichotoka nacho: jani la kunde, ganda la karanga, suke la uwele. Mama alilipapasa suke kutoka kwenye shina hadi kwenye ncha, akabinya punje, akasema, "Bado wiki mbili." Baba akaafiki. Mazungumzo yao ya mapenzi, kwa jinsi nilivyoyasikia mimi, yalikuwa hayo.

Mhariri, ninachoomba kwa wasomaji wako ni kidogo. Mkipewa kazi ya kuandika wasifu wa mkulima, msikimbilie fomu. Kaeni na mjane, kaeni na jirani aliyekopa debe, ingieni ghalani. Ugonjwa wa wiki sita usipewe ukurasa huku kazi ya miaka 70 ikipewa mstari. Na lile neno "tu", tunalopenda kulipachika baada ya "mkulima", tuliache. Nimeanza kuwakataza wanafunzi wangu wanapojaza kazi za wazazi wao.

Mlango wa ghala tumeung'oa kabla tembe halijabomoka, uko nyumbani kwangu. Shamba analima kaka yangu mkubwa, kwa mbegu zilezile. Uwele umeanza kutoa masuke wiki hii, na mama ameshauliza mara mbili. Jumamosi nakwenda kumchumia moja.

Mwalimu, binti wa mkulima,
Chamwino, Dodoma