Mjomba, usibandue kwanza

London

Shikamoo mjomba,

Natumaini barua hii itawakuta salama hapo Ngamiani. Mimi sijambo, ni baridi tu inayonitesa. Hela ya dawa za bibi nimeshatuma, mwulize mdogo wangu.

Ni yeye aliyeniambia unataka kubandua picha zote ukutani pale unaponyolea, upake rangi nyeupe. Mjomba, ngoja kidogo, nina habari ya mtu.

Kila alfajiri nikienda kufanya usafi maofisini nashukia stesheni ya Tottenham Court Road, treni za chini ya ardhi. Kuta zake zimepambwa kwa vipande vya kioo: saksafoni, kamera, hambaga, mitambo nisiyoijua. Miezi mitatu nilipita bila kugeuza shingo. Siku treni ilipochelewa nikasogea, nikagusa. Vipande ni vidogo kama kucha, havikulala sawasawa, na taa ikivipiga vinameta kama magamba ya changu. Mchoro ni wa Eduardo Paolozzi, miaka ya 1980.

Alizaliwa 1924 Leith, bandari ya Edinburgh huko Uskoti. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wa Kiitalia, wana duka la aiskrimu. Juni 1940 Italia ilipoingia vitani upande wa Hitler, Waitalia wa Uingereza walikamatwa. Yeye, na miaka yake 16, akasota jela miezi mitatu. Baba yake na babu yake walipakiwa kwenye meli Arandora Star, wapelekwe Kanada. Tarehe 2 Julai manowari ya Wajerumani ikaizamisha, wote wawili wakafa maji. Nilikuwa nasoma haya ndani ya basi, nikapitiliza kituo changu.

Vita vilipokwisha akaenda Paris, akawa anapata magazeti ya Kimarekani kwa wanajeshi wa Kimarekani. Kazi yake mkasi na gundi. Picha yake moja ya 1947 ina mwanamke wa jalada la gazeti, kipande cha keki ya matunda, Coca-Cola na ndege ya kivita; mkono umemwelekezea mwanamke bastola, na moshi wake umeandikwa POP. Leo sanaa nzima ya namna hiyo inaitwa pop, na picha hiyo iko kwenye jumba la sanaa la Tate. Mwaka 1989 nchi ileile iliyomfunga ikampa cheo cha Sir. Alifariki 2005.

Si kila kitu chake nakipenda. Nje ya maktaba kuu ya hapa kuna sanamu lake la shaba la mwanasayansi Newton ameinama na bikari yake. Mimi namwona kama mtu aliyeangusha shilingi.

Lakini ile ya mkasi, mjomba, hata wewe umeifanya. Bruce Lee anarusha teke, kando yake tangazo la sabuni, chini mtoto anacheka na kipande cha mkate, na vyote umevigandisha kwa uji wa unga wa ngano mpaka mende wakawa wanakula pembeni. Nikiwa mdogo, kichwa nimekiinamisha unaninyoa, nilikuwa naziangalia kwa jicho la pembeni ndani ya kioo, Bruce Lee anapigia mguu wa kushoto.

Ukishindwa kuniachia, basi mdogo wangu apige picha kwanza. Aanzie kona ile ya kioo, asogee karibu kabisa.

Mpwa wako

Nb: Mashine ya kunyolea uliyoagiza nimeipata.